Mrudishie Funguo Zake: Mwongozo Kamili wa Kuulea Moyo wa Mzee Aliyefanyiwa Upasuaji wa Nyonga

Mamangu alianguka alfajiri akienda kutawadha, kwenye kidato cha mlango wa choo alichokivuka kila siku tangu aolewe. Shingo ya fupa la paja ilivunjika. Vijana wa mtaa walimbeba kwa kiti hadi gatini, akavushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kutoka huko gari hadi Mombasa. Alifanyiwa upasuaji, na baada ya siku kumi na moja akarudi mtaani kwetu Mkomani, kisiwani Lamu, akiwa na chuma ndani ya nyonga na karatasi ya maagizo ya mguu: asikunje hivi, asigeuze vile, ameze hiki asubuhi na hiki usiku.

Kwenye karatasi ile hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu mambo yaliyotusumbua zaidi. Kwamba mwanamke aliyeendesha nyumba ya watu kumi angekaa wiki tatu akiutazama ukuta. Kwamba angelia kila akioshwa. Kwamba angesimama vizuri mbele ya fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kisha fizio akishatoka akatae kabisa kusimama mbele yetu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yule binti, mkazamwana au mjukuu ambaye ndugu wote wamekubaliana kwamba "wewe ndiye uliye karibu". Mengine niliyajifunza kwa kukosea. Mengine nilifunzwa na wauguzi na fizio, na mengine nimeyaona nikikaa na familia nyingine mbili hapa Lamu zilizopatwa na jambo hilohilo. Nitakwenda kwa mpangilio wa siku, tangu wodini hadi ngazi za nyumbani. Na usidhani kwamba moyo ni wa kushughulikiwa mguu ukishapona. Mzee aliyekata tamaa hali vizuri wala hainuki. Asiyeinuka hudhoofika misuli, hupata vidonda vya kulalia na nimonia, na damu inaweza kumganda mguuni. Yote mawili huenda pamoja.

Hatua ya kwanza: Wodini, mzee anapoanza kusema maneno yasiyoeleweka

Usiku wa pili baada ya upasuaji mamangu aliniambia nifunge dirisha kwa sababu majahazi yalikuwa yanaingia wodini. Aliniita kwa jina la dadake aliyefariki. Alitaka kung'oa dripu. Mimi nilidhani akili imeondoka. Khalati yangu alidhani ameingiwa na kitu, akataka tuondoke naye usiku uleule.

Hali hii hutokea mara nyingi kwa wazee baada ya kuvunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Ni mkanganyiko wa ghafla. Huja kwa saa chache au siku moja mbili, hupanda na kushuka, na mara nyingi huzidi usiku. Si wazimu, wala si lazima iwe mwanzo wa ugonjwa wa usahaulifu. Huwa na sababu za mwili: maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa maji, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika au wenye maambukizi, homa ya mapafu, oksijeni kidogo, au dawa. Dawa za usingizi, dawa za mzio za zamani kama Piriton, na baadhi ya dawa kali za maumivu kama tramadoli zinaweza kumvuruga mzee ambaye kijana angezimeza asipate lolote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwita muuguzi na kumwambia waziwazi: "Hivi sivyo alivyo. Juzi alikuwa anatujua sote kwa majina." Wewe ndiye unayemjua mzee wako, muuguzi wa zamu amemkuta hivyo hivyo kitandani. Sema maneno hayo hata kama mzee hapigi kelele. Kuna mkanganyiko wa kimya, ambapo mzee analala mchana kutwa, hajibu, hali, nasi tunafurahi kwamba "leo amepumzika". Huo hupita bila kuonekana, na ni wa hatari vilevile.

Huku wakitafuta sababu, fanya haya. Mvalishe miwani yake na kifaa chake cha kusikia, kama anacho. Mzee asiyeona wala kusikia vizuri hujazia mwenyewe yale anayoyakosa. Mpe maji kidogo kidogo kama ameruhusiwa. Fungua pazia mchana, punguza taa usiku. Mwambie taratibu, mara nyingi: "Mama, uko hospitali Mombasa, ulivunjika mguu, umeshatengenezwa, mimi ni bintiyo." Akisema kuna majahazi, usibishane naye wala usiyaone pamoja naye. Mshike mkono umwambie uko naye na hapana baya litakalomfika. Asifungwe mikono kwa kamba au leso. Kufungwa huongeza hofu na purukushani. Anayetaka kumsomea Qur'ani na amsomee, na sauti anayoijua humtuliza kweli. Ila kisomo kiende sambamba na kipimo cha mkojo, na mgonjwa asitolewe wodini.

Jambo ambalo nilikuja kulijua baadaye: wengi hukumbuka. Mamangu alikumbuka majahazi yale, akaona haya kwa wiki nzima, akidhani tumemwona mwendawazimu. Mkanganyiko ukishaondoka, lizungumzeni. Mwambie ilikuwa ni mwili, kwamba huwapata wengi, na kwamba hakusema neno la aibu. Kama alisema, msamehe na usimrudishie.

Hatua ya pili: Safari ya kurudi

Kwa sisi wa kisiwani, kurudi nyumbani ni kubebwa. Mzee anashushwa garini Mokowe mbele za watu, anapakiwa botini, anapokelewa upande wa pili, kisha anapitishwa vichochoroni mtaa mzima ukitazama. Kwa mwanamke mwenye heshima zake, kushikwa na vijana asiowajua kunaumiza kuliko mshono. Panga mapema. Tafuta wabebaji ambao ni wanawe, wajukuu au maharimu zake, jamaa asioweza kuolewa nao, ikiwezekana. Mfunike vizuri kwa leso mbili, moja ya chini iliyofungwa isipeperuke. Mweleze kila hatua kabla hajaguswa: sasa tunakuinua, sasa tunavuka ubao. Chagueni saa ambayo maji yamejaa ili boti isiwe chini sana ya gati. Na awepo mmoja ambaye kazi yake ni kumshika mkono tu.

Kabla hamjaondoka hospitali, kaa na daktari umuulize aina ya upasuaji. Aliyewekewa kiungo bandia mara nyingi hukatazwa kwa wiki kadhaa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne, na kuugeuzia mguu ndani. Aliyepigwa vyuma vya kuunga mfupa huenda akawa na masharti mengine. Uliza mzee mwenyewe akisikia, na daktari amjibu yeye. Nimeona mara nyingi mno mgonjwa akizungumzwa juu ya kichwa chake kama mzigo wa kupokelewa.

Hatua ya tatu: Chini au juu?

Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa watu wenye magoti mazima. Ngazi ni nyembamba, vidato ni virefu, havilingani, na wengi wetu tunaishi juu. Akiwekwa chini, yuko karibu na mlango na mazungumzo, lakini kila mpita njia anamwona kitandani. Akiwekwa juu, ana stara na upepo, lakini huenda asiione njia kwa miezi mitatu.

Sisi tulimweka juu bila kumuuliza, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Muulize. Mamangu, alipoulizwa hatimaye, alichagua msana wa chini, ile sebule ndefu inayotazama kiwanda, yaani ua wa ndani, akataka pazia moja tu livutwe wakati wa kuoshwa. Alitaka kusikia nani kaingia. Bwana mmoja wa mtaa wa Langoni niliyemsaidia alichagua kinyume chake, juu, kwa sababu hakutaka marafiki zake wa barazani wamwone akiwa na mpira wa mkojo. Wote wawili walikuwa sahihi.

Kitanda kiwe cha kimo cha wastani. Samadari ya juu inahitaji kupanda, na mkeka au godoro la sakafuni linakunja nyonga kupita kiasi. Akikaa ukingoni, nyayo zifike chini na magoti yasipande juu ya nyonga. Kiti vilevile. Mahali pa kulala pakishamfaa, sogeza karibu naye vitu vyake: tasbihi, miwani, tochi, simu ya vitufe, gilasi ya maji, na kengele ndogo au kitu cha kugonga. Mzee anayeweza kuita hulala. Asiyeweza kuita hukesha akisikiliza kama wewe u macho.

Hatua ya nne: Choo, maji na stara

Hapa ndipo moyo wa mzee huvunjika zaidi, na ndipo wengi wetu hupita haraka kwa sababu sisi wenyewe tunaona haya.

Kuchuchumaa hakuwezekani kwa sasa. Tafuta kiti cha kujisaidia, au seremala akutengenezee kiti imara chenye tundu na mikono ya kushikia, kiwekwe juu ya choo au juu ya ndoo. Kisha mgawane kazi kwa kumuuliza yeye: nani anataka amsaidie? Usikisie. Kuna mama ambaye hatamkubali mwanawe wa kiume hata kidogo, na kuna baba ambaye ni afadhali asaidiwe na mtu wa kulipwa kuliko bintiye. Akikwambia jina, liheshimu, na kama haiwezekani mweleze sababu.

Wakati wa kuoga mwachie yale anayoyaweza. Uso wake, mikono yake, kifua chake, na sehemu zake za siri ikiwa mkono unafika. Wewe mshikie maji tu, utazame kando. Funua sehemu unayoiosha, funika nyingine. Omba ruhusa kila mara, hata mara ya mia: "Mama, niguse mguu?" Mamangu aliacha kulia siku nilipoanza kusema maneno hayo matatu. Nilikuwa nimemwosha siku sita kwa mapenzi yote, kimya, kama ninavyoosha mtoto.

Nepi si njia ya mkato. Kama mzee anahisi haja na anaweza kuinuliwa, mwinue, hata saa nane za usiku. Kumwambia "jisaidie humo humo, nitakubadilisha" ni kumwambia kwamba hatutarajii ainuke tena. Zingatia pia maji: wazee wengi huacha kunywa makusudi ili wasisumbue watu kwa choo. Matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya mkojo, na ule mkanganyiko unaweza kurudi.

Hatua ya tano: Funguo

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimfanya mamangu mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Tulimkirimu, tukamlisha kwa mkono, tukamzuia kuinua hata kikombe, na siku ya tatu ilipofika jembe hatukumpa. Wala ya kumi. Wala ya ishirini.

Alipopelekwa hospitali, shada lake la funguo lilichukuliwa na wifi yangu, na ilikuwa sawa. Kabati la unga lazima lifunguliwe. Lakini aliporudi hakuna aliyemrudishia. Hakuuliza. Alikaa akiwasikia watu wakifungua na kufunga, wakipima mchele, wakikosea kiasi, akanyamaza. Tuliita kunyamaza huko subira.

Siku wifi yangu alipoziweka funguo zile mapajani mwake, akamwambia, "Mama, mimi sijui hesabu za kabati hili, kila siku napungukiwa," mamangu alizihesabu moja moja. Kisha akaomba kusogezewa kiti. Hakuna dawa niliyoiona ikifanya kazi haraka kama ile.

Kwa hiyo keti utafakari: mzee huyu alikuwa nani siku moja kabla hajaanguka? Usiandike tabia zake, andika kazi zake. Aliamua kitu gani? Nani alimjia kutaka nini? Kisha tafuta ile ambayo inaweza kufanywa akiwa ameketi, na umpe kweli. Kuchambua mchele na choroko. Kusuka ukili. Kupanga leo kitapikwa nini na samaki anunuliwe kwa nani. Kuwasikiliza wajukuu juzuu zao baada ya magharibi. Yule bwana wa Langoni alikuwa akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, maisha yake yote; alikuwa amekaa mwezi mzima hasemi na mtu, hasira tupu. Tulimletea kijana wa jirani aliyekuwa anaharibu vitambaa. Tulimwacha kijana aharibu mbele yake. Mzee hakustahimili hata robo saa.

Neno "kweli" lina uzito hapa. Kazi ya kumfurahisha huijua. Ukimpa mchele ambao umeshachambuliwa, ataona, na utakuwa umemdhalilisha mara mbili. Na ukimpa kazi, mwachie muda wake. Kuvaa nguo kutamchukua dakika ishirini ambazo wewe ungezimaliza kwa tatu. Kaa juu ya mikono yako ikibidi.

Kwa wanaume, tahadhari na ukimya na ukali. Baba anayetukana uji na kufukuza fizio mara nyingi ni mtu mwenye huzuni ambaye hakufunzwa jina lake. Usimjibu ukali. Mwombe ushauri wa jambo ambalo huwezi kulimaliza bila yeye: mpaka wa shamba, deni, ndoa ya mjukuu.

Hatua ya sita: Hofu ya kuanguka tena

Maneno "usiogope" hayajawahi kumwinua mtu. Hofu hii ina sababu; ardhi aliyoiamini ilimtupa. Tatizo ni kwamba anayeogopa hatembei, asiyetembea miguu hulegea, na miguu iliyolegea humwangusha. Kwa hiyo hofu ina mazoezi yake kama mguu.

Anza kwa kumwacha asimulie alivyoanguka. Sisi tulikuwa tukimkatiza kwa huruma, "yashapita, mama." Msikilize mara tatu, mara nne, hadi hadithi ipoe. Kisha ondoeni sababu pamoja naye: kidato cha choo kitiwe ukanda wa rangi nyeupe, ukutani pigeni ubao wa kushikia, taa ya sola iwake usiku kucha, zulia dogo liondoke, makubazi yanayoteleza yatupwe. Macho yapimwe kama yana mtoto wa jicho. Dawa za presha zitazamwe na daktari, hasa kama anaposimama huona kizunguzungu. Afunzwe kukaa ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla hajasimama.

Kisha mpande ngazi ya hofu kidogo kidogo. Mamangu hakuweza kuutazama mlango wa choo kile. Siku za mwanzo tuliweka kiti mahali ambapo anauona, basi. Halafu akasogea na woka, lile fremu la miguu minne, hadi akashika mwimo, akarudi. Tukarudia siku tatu bila kuingia. Akaingia mchana, mimi nikiwa ndani. Akaingia mimi nikiwa mlangoni. Ilichukua wiki tatu mpaka akatawadha mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti. Pimo langu lilikuwa moja: akiniambia hofu imebaki nusu, tunasonga, ikiwa bado imejaa, tunarudia palepale kesho.

Simama upande wake, usimvute mikono kutoka mbele wala usimshike kwapani kama anayezama. Mkono wako uwe karibu na kiuno bila kumkamata. Na mfunze la kufanya akianguka tena: asijaribu kuinuka kwa pupa, apige kengele au simu, ajifunike, asubiri. Kuwa na mpango kunapunguza hofu kuliko ahadi kwamba hataanguka.

Mitaani subiri. Njia zetu ni nyembamba, mawe hayalingani, mifereji iko wazi na punda hawasimami. Wiki nyingi za kwanza mwisho wake ni dakani, pale ukumbini mwa mlango, kwenye baraza, kwa kiti kilichoinuliwa kwa mto mgumu. Asubuhi mapema kabla njia haijajaa inafaa. Salamu ishirini za wapita njia ni dawa tosha ya siku moja.

Hatua ya saba: Wageni

Kumzuru mgonjwa ni haki na thawabu, na mzee asiyezuriwa hujiona amesahauliwa. Lakini kuna mgeni anayekaa saa tatu, na kuna mgeni anayesimulia, huku akinywa kahawa yenu, jinsi fulani alivyovunjika nyonga na hakuinuka tena. Weka mlinzi wa mlango, mtu mwenye adabu na moyo mgumu. Asiyetulia aambiwe mgonjwa anakwenda kuswali. Muulize mzee nani anamtamani. Mamangu alitaka watu watatu tu katika mtaa mzima.

Wanaopiga simu za video kutoka Mombasa au Arabuni wasiishie kuuliza "unaendeleaje?". Wamwambie habari, wamuulize rai, wamwonyeshe watoto. Na ugomvi wenu wa gharama msiufanyie mlango wa pili. Mzee anasikia. Akiuliza imetumika pesa ngapi, SHA, bima ya afya ya serikali, imelipa nini na nyie mmetoa nini, mwambie kwa ufupi na kwa ukweli, kisha umwambie mmelipanga vipi. Kufichwa humfanya akisie, naye hukisia kubwa zaidi.

Hatua ya nane: Ibada

Mtu aliyesujudu miaka sitini akiambiwa asiiname anapoteza zaidi ya mwendo. Mkumbushe yale aliyoyasoma mwenyewe: Mtume alimwambia Imran bin Husayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Kiti kielekezwe kibla, sijda iwe kwa kuinamisha kichwa kidogo, bila kukunja nyonga kupita inavyoruhusiwa. Maji yakimdhuru, kuna tayamamu. Ramadhani ikimkuta, ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Qur'ani yenyewe. Kama moyo wake haukubali kutoka kwako, mlete shekhe anayemwamini amwambie. Kwa mamangu, dakika tano za shekhe zilifaa kuliko wiki zangu mbili za kubembeleza.

Hatua ya tisa: Huzuni inapozidi

Huzuni ya siku za mwanzo ni haki yake. Amepoteza kitu, alie. Lakini hesabu siku. Ikiwa kwa wiki mbili, karibu kila siku, amezama au hana hamu na chochote alichokipenda, hilo ni la daktari. Wazee wetu hawasemi "nina huzuni". Husema moyo unanipwita, mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha, tumbo limejaa, usingizi umenihama saa tisa za usiku. Sikiliza lugha hiyo.

Akisema "Mola anichukue nipumzike", usimkemee kwamba anakufuru. Wengine husema hivyo kama dua ya uchovu. Keti umuulize kwa sauti ya kawaida: "Mama, unachoka tu, au unafikiria kujimaliza?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, humfungulia mlango. Akiwa amekataa kula na dawa, akiweka vidonge akiba, akiaga watu na kugawa vitu, asiachwe peke yake, dawa ziondolewe karibu, na afikishwe hospitali siku ileile. Kwa yule wa dua ya uchovu, kuna dua aliyoifunza Mtume badala ya kutamani mauti: Ee Mola nipe uhai maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu. Mamangu aliisoma kila usiku kwa muda.

Kliniki ya kutoa nyuzi na ile ya wiki ya sita zisiishe kwa mguu tu. Andika sentensi tatu kabla hujavuka maji: analalaje, anakula nini, ameacha kupenda kitu gani. Msomee daktari. Ugonjwa wa huzuni unatibika kwa wazee pia, kwa mazungumzo na kwa dawa, ila dawa nyingine za huzuni za zamani, kama amitriptilini, huleta kizunguzungu na mkanganyiko. Uliza kabla ya kuzichukua dukani. Na uchunguze maumivu kwanza. Mzee asiyelala kwa maumivu huonekana amekata tamaa, kumbe anahitaji dawa ya maumivu kwa saa zake. Mguu ukivimba na kuuma ghafla, pumzi ikibana, au mshono ukitoa usaha, hapo usisubiri kliniki.

Na wewe unayelea

Wiki ya nne nilimpigia mamangu kelele kwa sababu ya uji uliomwagika. Nilikuwa sijalala usiku mzima kwa siku tisa. Nilimwomba radhi, akanipa, kisha akasema jambo: "Kwani ndugu zako hawana mikono?" Andika zamu kwenye karatasi, ibandike ukutani, usiku ugawanywe, na aliye mbali atume pesa za msaidizi wa saa nne kwa siku. Usiombe kwa ujumla. Taja mtu, taja siku. Na mzee aione karatasi hiyo. Hujiona mzigo zaidi anapoona mtu mmoja akiisha mbele yake kuliko akiona watano wakipokezana.

Hatua ya mwisho: Ngazi

Mfupa huchukua takriban miezi mitatu kushikana, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka. Wengine hawarudi walipokuwa. Watabaki na gongo, au na kiti. Usiwadanganye. Yule bwana wa Langoni hakuwahi kutembea tena hadi msikitini, na alilia mbele yangu kwa hilo, nami sikuwa na la kusema. Nilikaa naye. Siku hizi hubebwa Ijumaa na wanafunzi wake wa kofia, na yeye ndiye anayewachagua.

Fizio akiruhusu ngazi, sheria ni hii: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia uliofanyiwa upasuaji. Mkono mmoja kwenye kamba au ubao wa ukutani, mwingine na gongo. Anayemsaidia awe chini yake daima, kidato kimoja nyuma akipanda, kidato kimoja mbele akishuka. Kidato kimoja, miguu yote miwili, pumzi, kisha kingine. Juu patangulizwe kiti.

Mamangu alipanda mwezi wa tano baada ya upasuaji, akivihesabu vidato kwa sauti, kumi na nne. Alipofika juu aliketi, akatweta, akarekebisha leso yake. Kisha akatazama kamba ya nguo, akauliza ni nani aliyeanika shuka zikigusa ukuta.